Lori Lililoitwa na Kompyuta

Mngurumo ulisikika kwanza. Ulianzia chini kule mtoni, ukapanda, ukakatika, ukapanda tena kwa gia nzito, mpaka kuku waliokuwa wakichakura uani wakainua vichwa. Nabwile alikuwa jikoni, mikono imejaa majivu. Alisikiliza akashangaa. Katika vijiji vya Naitiri, lori huja Novemba na Desemba, wakati magunia yamepangwa kando ya barabara. Julai haliji. Julai maghala ni matupu, na wanawake hupita kimya wakiwa na vikopo chini ya leso, wakitafuta nyumba ya kukopa.

Mngurumo ulikuja kuzimika langoni pake.

Alitoka akijipangusa mikono. Mwanamke mnene wa makamo, mwenye koti la kiume na viatu vya mpira, alikuwa ameshashuka. Dereva alibaki juu, kiwiko dirishani, akitafuna muwa.

"Hodi hapa! Wenyewe mko?"

"Tuko. Karibuni."

"Asante mama. Mimi naitwa Mwihaki, natoka Kitale, niko na kinu cha posho pale nyuma ya soko. Hapa ndio lango la bluu, la pili baada ya kanisa, mkono wa kushoto?"

"Ndio hapa."

"Basi tumefika. Tumekuja kwa ile mahindi. Magunia ishirini, kavu, ya msimu uliopita."

Nabwile aliacha kujipangusa. Hesabu ilikuwa sahihi. Shemeji zake hawakuijua. Mchungaji hakuijua. Na kando ya ua, Agneta jirani yake, ambaye jana tu alikuja kuomba kikopo kimoja akaambiwa imebaki ya uji wa asubuhi, alikuwa amesimama na jembe begani kama mtu aliyesahau anakokwenda.

"Nani amekuambia niko na mahindi?" Nabwile aliuliza, sauti chini.

"Kompyuta, mama," dereva alijibu kutoka juu. "Ya Bungoma. Ukiiuliza inajibu. Tumeiuliza jana jioni, hata chai haijachemka ikasema ndiyo, karibuni."

"Gicheru, wacha mchezo," Mwihaki alisema. Alitoa simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ya mtu asiyekuwa na la kuficha: "Ndiyo. Mahindi yapo, magunia ishirini. Karibu wakati wowote."

Agneta alishusha jembe.

"Mimi siuzi mahindi," Nabwile alisema.

"Mama, nimechoma mafuta kutoka Kitale."

"Sikatai. Lakini siuzi. Kaeni kwanza kwa benchi, chai iko motoni." Kisha akatembea hadi kwenye kichuguu nyuma ya choo, mahali pekee ambapo simu yake ilishika, akapanda juu yake na kumpigia binti yake.

"Peris. Mume wako amenifanyia nini?"

*

Mjini Bungoma, si mbali na stesheni ya reli, Hesbon, mume wa Peris, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake moja katika chumba ambacho mlango wake ulikuwa pia dirisha. Kando ya kompyuta kulikuwa na simu iliyofungwa kwa waya, na waya ule ndio uliokuwa fahari yake. Mkulima akituma ujumbe kwa simu ya kawaida, mali yake inaonekana kwenye soko la mtandaoni. Mnunuzi wa Kitale akiitaka, ujumbe unarudi kwa mkulima. Soko aliliita Mlangoni. Lilikuwa limefunguliwa Jumatatu kwa soda na maombi, na naibu wa chifu alikata utepe.

Peris aliingia na vumbi la chaki mikononi. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na hakuwa na desturi ya kuacha watoto mchana.

"Hesbon, kuna lori kwa mama."

"Lori gani?"

"Ya kuchukua mahindi. Kutoka Kitale. Magunia ishirini."

Hesbon aliruka kutoka kitini. "Wamekuja? Peris! Kutoka Kitale mpaka Naitiri, bila dalali? Si nilikuambia! Si nilikuambia hii kitu itafanya kazi!"

Alikuwa ameinua mikono yote miwili. Peris alimtazama mpaka mikono ikashuka yenyewe.

"Mama hajauza chochote," alisema. "Nilikuambia habari ya yale mahindi tukila. Nilikuwa naambia mume wangu. Sikuwa naambia Kitale."

"Ilikuwa mfano tu."

"Mfano na lango lake? Na kanisa lake?"

"Sasa ningeandika jina?" Hesbon aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshapungua.

Peris alielewa. Wengine wasingeelewa. Soko lenye pande mbili lina ugonjwa wake wa kuzaliwa. Mnunuzi haingii mahali pasipo na mali, na mwenye mali haleti mahali pasipo na mnunuzi. Hesbon alizunguka Kabuchai na Kimilili akihubiri, lakini ulikuwa mwezi wa njaa, na walioandikisha mali walikuwa watatu: mmoja alikuwa na bata, mwingine baiskeli kuukuu, wa tatu mtama aliokuwa bado hajauvuna. Basi siku moja kabla ya kufungua, aliweka muuzaji wa mfano ili ukurasa usionekane kama kibanda kitupu. Kompyuta ikamdai jina la muuzaji. Hesbon hakuwahi kulitamka jina la mama mkwe wake tangu siku ya posa, wala kula mbele yake, wala kuketi naye chini ya paa moja. Ukwe ni ukwe. Vidole vilikataa. Badala ya jina akajaza njia ya kufika: lango la bluu, la pili baada ya kanisa. Na kwa kuwa hangeweza kumtumia mama mkwe ujumbe wa majaribio, akaifundisha mashine imjibie. Akaifundisha kusema ndiyo kwa kila swali.

Alinuia kuufuta mfano ule asubuhi ya Jumatatu. Asubuhi ya Jumatatu alikuwa akisalimiana na watu.

"Futa sasa," Peris alisema.

Alifuta. Kisha wakafunga mlango na kuelekea Naitiri, na njia nzima Hesbon alikuwa akipanga maneno. Lori likirudi Kitale tupu, soko la nafaka lote litajua kabla ya jua kuzama. Hakuna atakayeuliza tena. Lakini mama mkwe akiachilia hata magunia kumi, kwa bei ya Julai, si angepata pesa nzuri? Si ingekuwa heri kwa wote? Maneno yalipangika vizuri kichwani. Alikuwa kijana wa maneno, na aliyaamini.

*

Walipofika, Gicheru alikuwa amelala chini ya lori, kofia usoni. Alifungua jicho moja.

"Huyu ndiye kompyuta?"

"Ndiye," Mwihaki alisema kutoka kwenye benchi.

"Kumbe iko na ndevu."

Wanawake waliokuwa kando ya ua walicheka. Sasa walikuwa saba au wanane, Agneta katikati yao, na hakuna aliyejisumbua kujifanya anapalilia.

Hesbon alimsogelea Mwihaki akaomba radhi. Aliomba kwa maneno mengi, na mama huyo alimwacha amalize.

"Kijana, mafuta nitasahau," alisema. "Lakini sikiliza. Mimi nimezaliwa Kitale. Lakini tangu zile fujo za kikabila za Januari siwezi kuzunguka hivi vijiji nikiuliza mahindi. Nikifika mahali naulizwa jina la baba kwanza, mahindi baadaye. Kompyuta yako haikuniuliza jina la baba. Nikaambia Gicheru, hapa kuna kitu, hebu washa gari. Sasa ona. Nimekaa kwa benchi ya mtu tangu asubuhi, watu wananichungulia kwa ua kama mwizi wa ng'ombe. Huyu mama amenipa chai mara mbili na hata hanijui. Wewe umenipa nini?"

Hesbon alikitazama kikombe kitupu kando yake.

Nabwile alikuwa ameshaingia nyumbani mara tu alipoona mkwe wake akivuka lango. Aliketi ndani karibu na dirisha, mgongo ukutani. Hesbon alipewa kigoda nje, upande wa pili wa ukuta huohuo, uso umeelekezwa kwenye shamba. Peris alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mwambie mama nimekuja kuomba msamaha," Hesbon alisema.

"Mayi, anasema amekuja kuomba msamaha."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize ghala langu aliliona lini."

"Anauliza ghala uliliona lini."

"Mwambie sijaliona. Niliambiwa."

Peris hakulibeba hilo. "Mimi ndiye nilimwambia, mayi. Hilo ni langu."

Kuku alipita katikati yao akipiga hesabu zake. Hesbon alikohoa, akaona kwamba wakati wa maneno yake umefika.

"Mwambie mama, kwa heshima, lori likirudi tupu, ile kazi yangu imekufa. Mwaka mzima Peris ndiye amelipa nyumba peke yake. Mwambie hata kumi tu. Huyu mama wa Kitale analipa vizuri, pesa taslimu. Mwambie..."

Peris alikuwa amegeuka kumtazama, na alimtazama hivi kwamba sentensi ilibaki bila mwisho. Lakini aliifikisha. Aliifikisha yote, neno kwa neno, kama mtu anayebeba kitu kichafu kwa kijiti.

Nabwile hakupandisha sauti.

"Muulize, jana Agneta alikuja hapa na kikopo, nilimwambia nini?"

"Hajui, mayi."

"Nilimwambia sina. Nilimwangalia machoni, mtu tunaimba naye kanisani, nikamwambia imebaki ya uji. Mahindi ni ya kaka yako. Agosti anatahiriwa. Ukoo wa baba yenu utakuja wote na matumbo yao, na mimi nikikosa ugali watasema mjane ameshindwa, mtoto tumchukue sisi. Kwa hivyo nilikuwa na aibu mbili mbele yangu. Ya kunyima jirani, na ya kushindwa na sherehe ya mtoto. Nikachagua ile ndogo, nikaibeba peke yangu gizani. Sasa mwambie mume wako ameniletea zote mbili, mchana, kwa lori."

Peris alifungua kinywa ili arudie.

"Wacha," Hesbon alisema. "Nimesikia."

Alikuwa ameinamisha kichwa. Yale maneno mazuri ya njiani yalikuwa bado yapo, lakini kila alilolishika lilikuwa baya. Alikuwa amekuja kumwomba mwanamke huyu amlipie kosa alilomkosea. Pale nyuma, wanawake wa uani walikuwa wameacha kucheka. Ukuta wa udongo haufichi mengi, na ua wa miti unaficha machache zaidi.

*

Mlango wa nyuma ulilia. Hesbon alijua ni nani, akageuza uso kabisa akatazama mahindi machanga shambani. Nabwile alipita nyuma yake, akavuka ua, akamwendea Mwihaki na funguo mkononi.

"Njoo uone."

Mwihaki aliingia ghalani, akachoma gunia kwa kijiti chake cha kuchotea punje, akatoa punje na kuitia menoni. Ililia kama kokoto.

"Haya ni mahindi," alisema kwa heshima.

"Kwa kinu chako, watu wananunuaje?"

"Kwa gorogoro, mkebe kwa mkebe. Zamani mtu alikuja na gunia nzima, sasa ni gorogoro moja, nusu, wengine wanakuja kuuliza bei tu halafu wanarudi. Kuna wengine bado wanalala kwa hema. Kinu kimenyamaza wiki ya pili hii. Nikisikia jirani akipondaponda kwa kinu cha mkono, naona haya, yaani mimi mwenye mashine."

Nabwile alifunga na kufungua mkono wenye funguo. Kisha alitoka hadi katikati ya uwanja.

"Agneta!"

Agneta aliinama nyuma ya wanawake wenzake.

"Agneta, wacha kujikunja hapo. Kila mtu anakuona."

Agneta alijitokeza. "Nabwile, mimi hata sikuwa nasikiliza."

"Umesikiliza mpaka shingo imerefuka. Nilikudanganya jana. Leta kikopo. Na nyinyi wengine. Nitapima kwa bei ya Desemba, na asiye na kitu leo atalipa akivuna. Lakini Agosti mtu asije kwangu kukaa tu. Mtakuja kupika, na mtakuja na kuni."

"Tutakuja na maji pia," Agneta alisema. Alikuwa akilia kidogo, na akiona haya kwamba analia. "Ati kuni tu? Tutakuja na maji."

"Na wewe wa Kitale," Nabwile alisema, "uliitwa, hukujiita. Nitakuuzia kiasi. Si yote uliyoambiwa. Na bei tutaongea sisi wawili, bila mashine."

Waliongea. Waliongea kwa muda mrefu, wakaondokeana, wakaitana tena, wakapandisha, wakashusha, na Mwihaki alipotaja bei ya mwisho Nabwile alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Huyo mtu alikufundisha biashara hakukupenda." Mwisho walishikana mikono.

Gicheru alitoa magunia hadi mlangoni mwa ghala, kwa kuwa Hesbon hangeweza kuvuka kizingiti kile. "Kompyuta, shika upande huu," alisema. Hesbon alishika. Alikuwa amevaa shati jeupe la Jumatatu. Walipofika gunia la tatu shati lilikuwa la kahawia, na walipofika la nane Gicheru alimpa kipande cha muwa bila kusema neno.

Mwihaki alipanda, akafunga mlango, akashusha kioo.

"Kijana. Ile soko yako, usiifunge."

"Asante mama."

"Usiniambie asante. Nitarudi siku nikiuliza nijibiwe na mtu. Hata kama atasema hapana. Nimeambiwa hapana mara nyingi, haijaniua. Lakini ile 'ndiyo' ya mashine sitaki tena."

Lori liliondoka likiwa halijafika hata nusu ya ujazo wake, na magunia machache yale yalirukaruka nyuma.

*

Vikopo viliondoka kimoja kimoja, kisha ndoo na madebe, kwa maana habari ilikuwa imefika kijiji kizima. Jioni ilipokaribia, ghalani kulibaki magunia manne, na moja lilikuwa limeshafunguliwa. Nabwile alirudi ndani akakaa mahali pake, mgongo ukutani. Hesbon naye alirudi kwenye kigoda, kwa sababu hakuna aliyemwambia aende.

Alikuwa na shamba dogo Kabuchai, alilopewa na baba yake. Kule chini mahindi hukomaa mapema, na ya kwake yalikuwa tayari yameinamisha vichwa. Alikuwa ameyapangia kompyuta ya pili. Alikuwa hata ameshaiona, imefunikwa kwa karatasi ya nailoni katika duka moja karibu na benki, na mwenye duka alikubali kumwekea. Fundi mmoja wa soko hawezi kuendesha pande mbili kwa mashine moja. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote wa Bungoma.

"Peris," Nabwile aliita kutoka ndani. "Mwambie mume wako nataka neno lake juu ya Agosti."

Peris alikuwa ameketi kizingitini, amevua viatu, anajikanda vidole. Hakuinuka.

"Mayi, hilo silibebi."

"Unasema nini?"

"Silibebi. Nimebeba maneno yenu mchana kutwa. Ya kwako, ya kwake, hata yale hayakufaa kubebwa. Ukuta ni wa udongo, unapitisha. Wewe muulize, yeye akujibu."

"Msichana, unajua unachosema? Huyu ni mkwe."

"Najua ni mkwe. Nimeacha watoto shuleni kwa ajili ya maneno yenu. Asikuangalie, asiingie, mimi sikatai. Lakini aseme na mdomo wake."

Nje Hesbon alimtazama mkewe, na mkewe aliendelea kujikanda vidole bila kumtazama. Alielewa kwamba hapa hakuna wa kumjibia. Alisimama. Aligeuza mgongo kwa dirisha kama inavyotakiwa, akavua kofia hata hivyo.

"Mama," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kumwambia moja kwa moja. Upande wa pili wa ukuta kigoda kilisogea, kisha kikatulia.

"Mama, ni mimi Hesbon. Mahindi yangu ya Kabuchai hayaendi sokoni. Yatakuja hapa, magunia kumi na sita, yamekauka, kabla kijana hajaenda kumwalika mjomba wake kwenye tohara. Nitayaleta mwenyewe, nitayashusha nje ya lango, na utayauma kwa meno yako kabla ya kuyapokea. Na pale sokoni kwangu, kuanzia kesho, hakuna mtu atakayejibiwa ndiyo ila na mwenye mali. Nikivunja hili, mama, nirudishe kwetu bila binti yako. Nimesema, na Peris amesikia."